Nani Alivumbua Gesi ya Kivu? Uhakiki wa Msamiati wa Uvumbuzi Ukitazamwa kutoka Nyamyumba

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna maandishi ya Kiswahili yanavyosimulia historia ya teknolojia, hususani kupitia vitenzi gundua, vumbua, buni na unda. Mfano unaochunguzwa ni utoaji wa gesi ya methani katika Ziwa Kivu, kazi iliyoanzia Rubona, Sekta ya Nyamyumba, Wilaya ya Rubavu nchini Rwanda. Inatolewa hoja kwamba vitenzi tunavyovipendelea vinatukuza dakika ya kupatikana kwa kitu na kuwafuta wanaokifanya kitu hicho kifae, na kwamba upungufu huo una madhara kwa watu wanaoishi juu ya ziwa lenye gesi. Makala yanapendekeza msamiati wa ufundi na wa tahadhari usikilizwe kwanza ufukweni kabla ya kuundwa mezani.

1.0 Utangulizi

Swali "nani alivumbua?" limekuwa mlango wa kuingilia historia ya teknolojia katika madarasa yetu. Mwanafunzi anayeandika insha kuhusu maendeleo ya sayansi hutarajiwa kumtaja Edison na balbu, Bell na simu, ndugu Wright na eropleni, kisha afunge kwa kueleza jinsi maisha yalivyorahisika. Swali hilo lina adabu ya kutambua kazi ya mtu, na hatuna sababu ya kulibeza. Hata hivyo, likiletwa kwenye ufukwe wa Ziwa Kivu linakwama, na kukwama kwake kunafichua kasoro iliyomo katika lugha ya usimulizi wetu.

Nyamyumba iko kusini mwa mji wa Gisenyi. Ndani yake mna Rubona, yenye gati la vyombo vya ziwani na mitumbwi ya wavuvi wa sambaza. Karibu nayo zipo chemchemi za maji ya moto ambazo Wanyarwanda huziita amashyuza, na kiwanda cha bia cha Bralirwa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1957. Mwaka 1963 mtambo wa kwanza wa kutoa methani kutoka kilindi cha Kivu, uliojengwa na kampuni ya Kibelgiji ya Union Chimique Belge, ulianza kazi kwenye Rasi ya Rubona. Gesi yake ilipelekwa kiwandani kuwashia boila. Kwa takriban miongo minne, sehemu ya moto uliopika bia ya Gisenyi ilitoka chini ya ziwa.

Basi ni nani aliyevumbua hapa? Je, ni aliyepima maji na kukuta gesi? Ni aliyebuni bomba? Ni mafundi waliolitunza kwa miaka arobaini? Au ni wakazi wa ufukweni waliojua, kabla ya hao wote, kwamba ardhi ya eneo hili hutoa hewa inayoua? Kila jibu linahitaji kitenzi chake, na Kiswahili kinavyo vitenzi hivyo. Tatizo ni kwamba tumezoea kutumia kimoja.

2.0 Vitenzi vya msasi

Wanaistilahi wetu hufundisha kwamba gundua ni kukuta kitu kilichokuwapo, ilhali vumbua ni kuleta kitu ambacho hakikuwapo. Mgawanyo huo unafaa kwenye karatasi za mtihani. Nje ya hapo haushiki. Magazeti huandika kwamba mafuta "yamegunduliwa" leo na "yamevumbuliwa" kesho, na katika vitabu vya historia wale wasafiri wa Ulaya wa karne ya 19, ambao hawakuleta chochote ambacho hakikuwapo, huitwa wavumbuzi bila mtu kushtuka.

Umbo la maneno yenyewe linaeleza sababu. Vumbua na gundua yote huishia na -ua, kiambishi ambacho katika vitenzi kama fungua, fumbua na funua huashiria kutendua: kilichofungwa kinaachiliwa, kilichofunikwa kinawekwa wazi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inaonyesha kwamba gundua kilitumika kwa kumjia kiumbe ghafla, akiwa hana habari. Kwa upande wa vumbua, msaada unatoka kwa jirani. Kinyarwanda kina kitenzi kuvumbura, ambacho kinahusiana na vumbua kama gufungura kinavyohusiana na fungua. Kiswahili kimeiacha konsonanti ambayo Kinyarwanda kimeihifadhi. Leo kuvumbura hutumiwa kwa ugunduzi wa kisayansi, lakini kinayo pia maana ya kumkurupusha mnyama kutoka kichakani alikojificha.

Vitenzi vyetu viwili vikuu vya uvumbuzi, kwa hiyo, vinabeba picha ya msasi. Ni picha nzuri. Ina subira ndani yake, ina kunyata na kusoma nyayo. Lakini msasi anayemkurupusha swala hajamuumba swala, wala hakumfundisha mtu namna ya kuishi naye. Picha hiyo inamalizika pale mnyama anapoonekana, nayo historia ya teknolojia huanzia hapo.

Linganisha na buni, neno lenye asili ya Kiarabu katika kitenzi cha kujenga, na ambalo kwetu limeegemea zaidi hadithi na tungo kiasi kwamba "habari za kubuni" ni habari za uongo. Linganisha zaidi na unda. Hili ni neno la pwani, la watu wa vyombo: jahazi huundwa, mashua huundwa, na kiunzi ndicho kinachobaki kikionekana kabla ya mbao kugongomewa. Kuunda kuna vipimo na zana, kuna watu wengi kwa wakati mmoja, na kuna chombo ambacho hatimaye lazima kielee. Chombo kilichoundwa vibaya huzama hata kama jina la fundi ni kubwa. Inasikitisha kwamba neno lenye hekima hiyo limeachiwa kuunda serikali na kuunda kamati.

Kinyarwanda cha leo, katika hotuba na sera, kinasema guhanga udushya, yaani kuumba vitu vipya, pale ambapo Kiswahili rasmi husema ubunifu. Guhanga kina udugu na umuhanga, mtu stadi. Sidai kwamba lugha moja ni bora kuliko nyingine. Nadai kwamba mwalimu wa Kiswahili katika Rubavu anayeipuuza lugha ya nyumbani ya mwanafunzi wake anatupa kamusi ya bure ya etimolojia.

3.0 Götzen, Damas na kitenzi kimoja

Mwaka 1894 Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alipita katika nchi hii, akapanda Nyiragongo na kuliona Ziwa Kivu. Huandikwa kwamba alikuwa Mzungu wa kwanza kufika ziwani, na hilo ni sahihi kama lilivyo. Likifupishwa kuwa "alivumbua Ziwa Kivu" huwa upuuzi, kwa kuwa Bugoyi ilikuwa na watu wake, na ziwa lilikuwa na mitumbwi na jina. Miongo minne baadaye, mwaka 1935, Mbelgiji Hubert Damas alipima maji ya kilindi na kukuta jambo lisilo la kawaida: badala ya kupoa kadiri unavyoshuka, maji huongezeka joto, nayo yamejaa gesi iliyoyeyuka. Hapa kitenzi gundua kinastahili. Damas alifikia kwa vyombo vyake mahali ambapo jicho na wavu havikufika.

Kasoro ni kwamba simulizi zetu huwaweka wawili hawa kwenye mstari mmoja na kitenzi kimoja. Aliyeona maji ambayo wenyeji waliyanywa anahesabiwa sawa na aliyepima maji ambayo hakuna aliyeyafikia. Tukikubali usawa huo tunapoteza uwezo wa kupinga dai la kwanza na uwezo wa kuheshimu la pili. Hii si hoja ya uzalendo. Ni hoja ya usahihi wa lugha, na kwa maoni yangu uhakiki wa baada ya ukoloni katika Kiswahili umepigia kelele sana majina ya wavumbuzi na kukigusa kwa nadra kitenzi kinachowavumbuza.

4.0 Bomba linalojivuta lenyewe

Ni vema kueleza kilichoundwa Rubona, kwa kuwa uhakiki wa lugha ya teknolojia usiojua teknolojia yenyewe ni porojo. Ziwa Kivu lina kina cha hadi mita 485. Maji yake yamepangika katika matabaka: ya juu ni mepesi na yenye hewa, ya chini ni mazito kwa chumvi na hewa ukaa, na kati yake, takriban mita 260 chini, upo mpaka mkuu unaozuia ya chini kupanda. Chini ya mpaka huo yamehifadhiwa takriban kilomita za ujazo 60 za methani na 300 za hewa ukaa, zikipimwa kwa kanieneo ya juu ya maji. Gesi hiyo haitoki kwa sababu uzito wa maji yaliyo juu yake unaikandamiza ibaki imeyeyuka.

Bomba hushushwa hadi kilindini na maji huvutwa kwa pampu. Yanapopanda, kanieneo hupungua na viputo huanza kutoka; mchanganyiko wa maji na viputo ni mwepesi kuliko maji yanayouzunguka, hivyo hupanda wenyewe, na pampu ya kuanzishia haihitajiki tena. Kinachotokea ni kile kinachoonekana chupa ya bia inapofunguliwa, mfano unaofaa kwa namna ya pekee mahali penye kiwanda cha bia. Juu, gesi hutenganishwa na maji, kisha huoshwa kwa maji ili hewa ukaa, inayoyeyuka kwa urahisi zaidi, ipungue na methani ibaki kwa wingi.

Neno mtambo linapata hapa maana yake ya zamani. Kabla ya kuwa mashine ya kuzalisha umeme, mtambo katika kamusi za awali uliitwa kitu chenye kamani, kifyatuo cha mtego au cha bunduki: nguvu iliyohifadhiwa, ikingoja kuguswa kidogo ili iachiliwe. Mtambo wa Rubona ulikuwa mtambo kwa maana hiyo kamili. Mtu aliyelichagua neno hili kwa mashine za umeme alifanya kazi nzuri, nasi tunaitumia kazi yake bila kuijua.

Kanieneo nayo inastahili sifa. Ni neno lililoundwa kwa kuunganisha kani na eneo, na ndani yake mna fasili nzima ya kifizikia: kani iliyogawanywa kwa eneo. Mara chache istilahi hufundisha kwa kutajwa tu. Lakini nje ya darasa watu husema presha, na presha kwa wengi wetu ni ugonjwa wa babu. Istilahi bora kabisa imebaki mateka wa kitabu cha kidato.

Sehemu ya mtambo inayohitaji akili nyingi zaidi ni ile isiyopendeza kupigwa picha, nayo ni bomba la kurudishia maji. Maji ya kilindi yaliyopungukiwa gesi bado yana chumvi na virutubishi. Yakimwagwa juu hulisha mwani kupita kiasi na kuvuruga maisha ya samaki, na yakirudishwa kwenye kina kisichofaa hudhoofisha mpaka ule unaolifanya ziwa liwe salama. Wataalamu wamebishana kwa miaka kuhusu kina hicho, na mwongozo wa kitaalamu wa mwaka 2009 uliotungwa kwa ajili ya Rwanda na Kongo uliandikwa kwa Kiingereza. Kwa kazi hii ya kurudisha, gundua halitoshi na vumbua halitoshi. Yanafaa maneno ambayo historia zetu za teknolojia huyaona ya chini: kutunza, kumudu, kukarabati. Yanamfaa fundi, neno lenye mnasaba na fundisha na fundwa, linalomtaja mtu aliyepewa ujuzi na watu na anayewapa wengine.

Mwanahistoria Mwingereza David Edgerton alitoa mwaka 2006 hoja inayotusaidia: kwamba historia ya teknolojia ikifuata matumizi badala ya uvumbuzi, ramani yake na tarehe zake hubadilika. Rubona ni ushahidi. Mwaka 1986 Ziwa Nyos la Kamerun lilitoa hewa ukaa ghafla usiku na kuua watu wapatao 1,700. Mwaka 2001 liliwekwa bomba la kudumu la kupunguza gesi, linalopandisha maji kwa nguvu ya viputo vyenyewe, na ulimwengu ukastaajabu. Kanuni hiyo ilikuwa inafanya kazi Rubona tangu 1963. Huko iliwasha boila, kwa hiyo haikuitwa uvumbuzi wa kuokoa maisha, na huenda haikuitwa kitu chochote nje ya uzio wa kiwanda.

5.0 Mazuku: neno lililotangulia kipimo

Watafiti wa volkano wanaoandika kuhusu Goma na Gisenyi hutumia neno mazuku kwa mabonde na mashimo ambamo hewa ukaa, iliyo nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama na kuua mifugo na watu. Smets na wenzake walilitumia katika kichwa cha utafiti wao wa mwaka 2010, na sasa limeingia katika fasihi ya kisayansi ya dunia. Karibu kila mara huambatanishwa na maelezo kwamba ni neno la Kiswahili lenye maana ya upepo mbaya.

Maelezo hayo yanastahili kuhakikiwa. Katika umbo la neno hamna upepo na hamna ubaya. Neno lililo karibu nalo katika Kiswahili sanifu ni mzuka, wingi mizuka, yaani kiumbe cha ajabu kinachotokea ghafla, kutokana na zuka. Ikiwa uhusiano huo ni sahihi, na umbo la neno linaufanya uwezekane, basi waliolitumia neno hili waliitaja tabia ya jambo lenyewe: linalozuka, lisiloonekana, linalouchukua uhai na kuuacha mwili bila jeraha. Wageni walisikia pepo wakaandika upepo. Kosa lao linasameheka. Letu ni zito zaidi, kwani tumeuacha ufafanuzi wa neno la Kiswahili uandikwe na wanajiolojia, kwa Kiingereza na Kifaransa, kisha uturudie kama habari.

Kuna faida gani kulichukua neno hili kwa uzito? Mazuku ni ujuzi. Anayelijua anajua kwamba hatari iko bondeni na si mlimani, kwamba ni kubwa zaidi alfajiri yenye utulivu kuliko adhuhuri yenye upepo, kwamba anayemfuata mwenzake aliyeanguka shimoni huanguka pia. Hiyo ni nadharia ya uzito wa gesi iliyohifadhiwa katika silabi tatu. Damas alipokuja na chupa zake, watu wa sehemu hizi tayari walikuwa wanaishi kwa kuzingatia tabia za gesi hiyo. Hawakupima ujazo wake, na hilo ni tofauti kubwa. Lakini anayesema kwamba gesi "iligunduliwa mwaka 1935" bila kuongeza ni gesi ipi, ya wapi na kwa maana gani, amezungumza kwa uzembe.

6.0 Sambaza na wale watumiao

Kutoka Rubona jioni huondoka mitumbwi mitatumitatu, iliyounganishwa kwa miti mirefu ya mkaratusi inayochomoza mbele na nyuma kama papasi za mdudu. Wavu hutundikwa katikati, taa huwashwa, na samaki wadogo hupanda kuifuata nuru. Samaki hao, ambao wanasayansi huwaita Limnothrissa miodon na watu wa Kivu huwaita sambaza au isambaza, si wenyeji. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Uvuvi wa taa na wavu wa kuinua nao uliigwa kutoka Tanganyika na kukuzwa Gisenyi kupitia mradi ulioungwa mkono na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970. (Mkenya akisikia sambaza atafikiri unamwomba salio la simu. Neno moja linaweza kuvuka mipaka mitatu na kuvua nguo kila forodhani.)

Nani alivumbua uvuvi huu? Hakuna jibu, na hilo si pengo. Samaki waliletwa kutoka ziwa jingine, mradi ulifadhiliwa, lakini mtu fulani alilazimika kuamua miti iwe mirefu kiasi gani kwa mawimbi ya Kivu, watu wangapi wakae kila mtumbwi, karabai ining'inizwe wapi isimulike mvuvi machoni, na baadaye karabai iachwe lini kwa taa za betri. Maamuzi hayo ni uundaji. Hayakusajiliwa popote kwa sababu yalifanywa na wengi, kidogokidogo, kwa mikono iliyolowa.

Jambo hilohilo lilitokea Kenya katika mazingira yasiyofanana kabisa na haya. Jaribio la M-Pesa la mwaka 2005 lililenga kurahisisha marejesho ya mikopo midogo. Washiriki wakaanza kutumiana fedha kwa shughuli zao wenyewe, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Tangu hapo pamekuwa na ubishi wa nani mvumbuzi: wafanyakazi wa Vodafone huko Uingereza, Safaricom, au kijana Mkenya asiyetambuliwa. Ubishi wote huo umefungwa ndani ya kitenzi vumbua, kinachotaka mtenda mmoja. Watumiaji walioigeuza huduma hawana nafasi katika sentensi hiyo, kwa kuwa sarufi ya ubishi haijawawekea kiima.

7.0 Lugha ya watu walio juu ya gesi

Zaidi ya watu milioni mbili huishi kandokando ya Kivu, pande zote mbili za mpaka, na lugha inayowaunganisha sokoni, majini na mpakani ni Kiswahili, hata kama si Kiswahili cha vitabu. Rwanda ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Wakati huohuo utoaji wa gesi umekua. KivuWatt ya Karongi, yenye megawati 26, ilizinduliwa mwaka 2016, na Busoro, hapahapa Nyamyumba, umejengwa mtambo wa Shema Power uliopangiwa megawati 56. Nyiragongo ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na katika siku zilizofuata, Goma ikihamwa, watu walikuwa wakiuliza kama magma ingefika chini ya ziwa na gesi ingetoka. Lilikuwa swali la kisayansi, na waliouliza walikuwa na haki ya kujibiwa kwa lugha waliyoiulizia.

Hapa ndipo msamiati wa uvumbuzi unapoacha kuwa mchezo wa wanaisimu. Lugha inayosifu tu kupatikana kwa gesi haimpi mkazi wa Rubona uwezo wa kuuliza maji yanarudishwa kina gani, nani anayapima na atatangaziwa vipi tabaka likidhoofika. Atapewa hotuba zenye maneno uvumbuzi na teknolojia ya kisasa, naye atapiga makofi au atanyamaza. Kwa kumsikiliza mtu wa aina hiyo, istilahi zetu zingefanikiwa kuliko zinavyofanikiwa sasa kwa kutungwa mbali naye. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ilikuwa kazi ya kishujaa kwa mahitaji ya shule. Mahitaji ya ufukwe wa Kivu hayakuwa mbele yake, na haki haimruhusu mhakiki kuidai kitu ambacho haikuahidi. Kizazi chetu ndicho kinachodaiwa.

Itapingwa kwamba maneno ya mahali, kama mazuku na sambaza, yataleta utengano katika Kiswahili sanifu. Pingamizi hili limezoeleka na halina nguvu. Usanifishaji uliofanikiwa siku zote ulichukua maneno kutoka mahali fulani. Unda na jahazi vilitoka kwa mafundi wa pwani, na hakuna mtu wa bara aliyelalamika kwamba amefanywa baharia. Itapingwa pia kwamba wanasayansi wanahitaji istilahi moja kwa dhana moja. Kweli. Lakini mazuku tayari ni istilahi moja kwa dhana moja, na tayari inatumiwa na wanasayansi; tunachokosa ni kukubali kwamba ni yetu na kuifafanua kwa usahihi.

Kwa ajili hiyo naweka mbele ya mkutano huu vidahizo viwili, vikosolewe na kurekebishwa. Cha kwanza: mazuku, nomino, hewa ukaa inayotoka ardhini katika maeneo ya volkano na kutuama mabondeni au mashimoni, isiyoonekana, inayoua viumbe kwa kukosa pumzi, pia mahali penye hewa hiyo. Ngeli yake inahitaji mjadala, kwa kuwa wasemaji hulitumia bila umoja na umbo lake linalingana na maji na mafuta. Napendekeza ya-, mazuku haya, mazuku yanaua. Cha pili ni kirudishio, nomino, ki-/vi-, bomba au mfereji unaorudisha majimaji yaliyokwisha kutumiwa mahali palipopangwa ili yasidhuru. Hiki nimekiunda mwenyewe kutokana na rudisha, kwa njia ileile iliyotupa kifungio na kifunikio, na mafundi wa Busoro wakiwa na neno lao la kazi kwa kifaa hicho, basi la kwao litangulie na hili lifutwe.